Mwanangu kamjibu Bibi kwa maneno yangu mwenyewe

Shikamoo Anti,

Pole na majukumu. Safu yako naisoma muda mrefu kwenye simu ya mke wangu, sikuwahi kuwaza ipo siku na mimi nitaandika, ila nimefika mahali usingizi hauji kabisa. Naomba jina langu lisitoke mana mtaa wetu mdogo na watu wanasoma.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, nina mke na watoto watatu, naishi Mbagala. Nina duka la rejareja, la kawaida tu la mtaani, unga, mchele, sukari, maharage, sabuni, vocha, mafuta ya kupima. Lina mwaka wa tisa sasa. Watoto wawili wadogo ni wa kike, mkubwa ni wa kiume ana miaka 12 yupo darasa la sita, na huyu ndo nakuandikia habari zake.

Nianze na kosa langu usije ukasema nimeficha. Mwanzoni mwa 2024, kama unakumbuka, sukari iliadimika, kilo ikafika elfu nne na kupita, ukiupata mfuko kwa jumla unashukuru Mungu hata bei huulizi. Mtaji wangu ulikatikia hapo. Kuna jamaa tunachukua naye mzigo pamoja, akaniona nalia lia akanionyesha ujanja. Unachukua sumaku ndogo ya spika ya redio mbovu, unaibandika chini ya sahani ya mizani upande wa bidhaa, mteja haioni hata ainame. Ile ya kwangu ina uzito kama gramu 50. Yani sahani inakaa sawa na jiwe kabla bidhaa haijatimia. Nikajiambia ni mwezi mmoja tu mtaji urudi. Mtaji ulirudi Anti, sumaku haikutoka. Nikipiga hesabu napima kama mara 60 kwa siku, hizo ni kilo tatu ambazo sijatoa na nimelipwa, sio chini ya elfu saba kila siku, na ndio inayolipa kodi ya fremu ambayo ni laki mbili kwa mwezi.

Mimi nilidhani hilo jambo najua mimi na Mungu wangu.

Sasa huyu kijana huwa anakaa dukani jioni nikienda swala ya magharibi. Wiki tatu zilizopita nilirudi nikapitia mlango wa nyuma, nikawa napanga kreti za soda, yeye hajaniona. Akaja Bibi mmoja jirani yetu, mtu mzima sana, anaishi na wajukuu. Alikuwa amenunua sukari robo akairudisha na kopo lake. Namsikia anasema, mjukuu wangu hii robo mbona haifiki, kopo langu nimelipiga alama ya msumari, robo inafika hapa, tazama. Mtoto wangu hakutetereka. Akamwambia Bibi, mizani haina mjomba wala shangazi, labda kopo lako ndo limepanuka. Wateja waliokuwepo wakacheka. Akarudisha ule mfuko kwenye sahani, akaigonga sahani kwa ukucha ili ionekane inacheza, akasema umeona? Bibi akachukua kopo lake akaondoka.

Anti, hayo maneno ni yangu. Neno kwa neno, la mjomba, la kopo, mpaka ile kugonga kwa ukucha. Nilisimama kule nyuma na kreti mkononi nikajisikia kama nimerekodiwa.

Usiku nikamwita chumbani nikamchapa fimbo mbili, ya tatu mkono ukagoma. Nikamuuliza kwa nini umemjibu Bibi vile? Akasema, nimekosea wapi baba, si ndivyo unavyosemaga? Nikamuuliza unajua nini kuhusu mizani? Akasema sumaku anaijua tangu yupo darasa la nne, alikuwa anafuta mizani ikamdondokea, "nikairudisha, nikajua ni kifaa cha kazi." Alafu akaongeza kitu ambacho mpaka leo sijui nikiweke wapi. Akasema wakija watu wengine huwa anaitoa. Nani? Mama yake rafiki yake, ustadhi wa madrasa, na dada mmoja hapo mtaani mwenye mtoto mgonjwa. Mimi badala ya kunyamaza nikamfokea kwamba kumbe ndo wewe unanifilisi. Najua, usiniambie.

Wiki iliyofuata karudi madrasa, wanahifadhi juzuu amma na wamefika Suratul Mutaffifin. Akawa anairudia sebuleni kwa sauti. Maana yake naijua, ole wao wanaopunja, wale ambao wakipimiwa wao wanataka kamili na wakiwapimia wenzao wanapunguza. Na yeye anaijua, mana ustadhi huwa anawafasiria. Kafika aya ya tatu akanyanyua macho akanitazama, alafu akaendelea. Sijui kama alinitazama kwa makusudi au ni mimi tu.

Mke wangu sasa nimemwambia yote. Yeye anasema toa sumaku leo, mwite mtoto umwambie baba nilikosea, alafu muende wote wawili kwa Bibi. Kaka yangu mkubwa nilipomgusia alinikatalia kabisa, anasema mzazi haombi msamaha kwa mtoto, ukishajishusha mara moja hutakuwa tena na mdomo wa kumwambia soma, swali, usiibe, atakujibu mbona na wewe. Anasema itoe kimya kimya yaishe. Mimi pia naogopa mtoto akiongea nje, mtaa huu watu hawana subira, duka naweza kulikuta majivu. Na hiyo laki mbili ya fremu naitoa wapi?

Ukweli sumaku bado ipo. Kuna siku niliitoa asubuhi, mchana nikairudisha.

Nimwambie mtoto au ninyamaze? Na huyu mtoto ndo ameshaharibika au bado?

Ni mimi Baba wa Watatu, Mbagala.

ANTI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nimeisoma nikiwa nimeweka simu mbali kwa sababu kuna sehemu ilinigusa mwenyewe, nitafika huko.

Nikikuelewa vizuri, ulichoniandikia kina mambo mawili yamefungwa kwenye mfuko mmoja. Kuna la mizani, na kuna la mtoto. La mizani naona ulishaliamua zamani kwenye moyo wako, ndo mana unaitoa asubuhi na kuirudisha mchana, mtu ambaye hajaamua haitoi kabisa. Ugumu wa hilo ni hela ya fremu. La mtoto ndo linalokunyima usingizi, mana umejisikia kwenye mdomo wa mtu mwingine, na huyo mtu ni damu yako. Tuyatenganishe kidogo ingawa tutayarudisha pamoja.

Nianze na swali lako la mwisho, kwamba mtoto ameharibika au bado. Umeandika kwa kirefu jinsi alivyomjibu Bibi, ukucha, kopo, vicheko. Alafu lile la kuitoa sumaku umelipitisha haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Mimi hapo ndo niliposimama. Huyu kijana ana miaka miwili anaijua sumaku, wewe unamwonyesha kila siku inavyotumika, hakuna aliyemfundisha kuitoa, na bado yeye peke yake, kwa siri, kaanza kuchagua watu ambao hawezi kuwapunja. Kachagua mama wa rafiki yake, kachagua mwalimu wake, na kachagua mama mwenye mtoto mgonjwa. Nikuulize, huyo wa tatu kamtoa wapi? Kwako wewe hajakuona ukimtolea. Labda kwa mama yake, labda madrasa, labda ni wewe mwenyewe siku nyingine kwenye jambo lingine kabisa ambalo hulikumbuki, ulimkopesha mtu unga bila kuandika kwenye daftari na yeye alikuwa pembeni anaangalia. Watoto wanaokota vingi kutoka kwetu, havichaguliwi na sisi.

Sisemi yupo salama. Mtoto anayeitoa kwa anaowapenda na kuiacha kwa wengine naye anajifunza kitu, kwamba haki ni ya watu wetu, na Bibi bahati mbaya hakuwa kwenye orodha. Hilo si dogo. Ila ni tofauti na kuharibika. Na watu watakuletea ile methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, mimi huwa inanipa shida kidogo, inafanya ionekane mtoto ni tofali, ukishaligonga kwenye kibao limetoka hivyo hivyo.

Kuna jaribio nalipenda kuwasimulia wazazi, lilichapishwa 2014, lilifanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California pale San Diego, kwa watoto 186 wa miaka 3 mpaka 7. Baadhi ya watoto waliambiwa chumba cha pili kuna bakuli kubwa la pipi twende, wakifika mtu mzima anawaambia nilikudanganya tu hakuna pipi nilitaka uje kucheza. Wengine hawakudanganywa. Baadaye mtoto anaachwa peke yake sekunde kama 90 na mwanasesere nyuma yake, kaambiwa asigeuke kuangalia, na kamera inamuona. Kwa wale wa umri wa shule, ambao hawakudanganywa kama asilimia 60 waligeuka. Waliodanganywa, karibu asilimia 80. Na walipoulizwa umechungulia? waliodanganywa ndo walioongoza kukataa macho makavu. Watu wakisikia hiyo wanashika ile 80. Mimi nakuomba uishike na ile 60 pia, wale ambao hakuna aliyewadanganya siku ile na bado wengi walichungulia. Yaani mfano wetu una nguvu sana lakini sio peke yake kwenye chumba. Hata ungekuwa na mizani safi miaka yote, kijana wa miaka 12 angekuja kukudanganya tu siku moja kuhusu daftari la hesabu.

Sasa zile fimbo mbili. Sikukaripii, mkono uligoma wenyewe wala hukuhitaji mshauri. Ila jiulize ukiwa peke yako, ulimchapa kwa kosa gani? Mana kwa upande wake alifanya kazi vizuri, alilinda duka, alitumia maneno ya bosi. Alafu alipokuambia jambo pekee la huruma kwenye habari nzima, akafokewa kwamba anakufilisi. Weka hivyo viwili pamoja uvitazame kama yeye. Nikiwa mimi ndo huyo mtoto ningeshindwa kujua kosa ni kumpunja Bibi au kutompunja yule dada. Ndo mana nadhani kukaa kimya, ambako kaka yako anakushauri, kunaweza kusiwe kimya kwake. Yeye ameshasikia maelezo, tena yale mabaya.

Hapo tuje kwa kaka yako. Hajakosea kote. Kuna wazazi wanaomba msamaha kwa watoto mpaka inakuwa kero, baba analia, anamweleza mtoto madeni yote, kodi ya fremu, jamaa aliyemshawishi, sukari ya 2024, mtoto anajikuta yeye ndo anambembeleza mzazi. Mtoto wa miaka 12 hana bega la kubeba hayo. Na kweli kuna siku utamwambia usidanganye akakujibu mbona na wewe, hilo lipo, ukisema leo litakuja na usiposema litakuja vilevile, labda kwa ukali zaidi akiwa kidato cha tatu. Ninachokiulizia ni hapa, kaka anaposema hutakuwa na mdomo, anachukulia kwamba mtoto bado anaamini hujawahi kukosea. Huyu wako imani hiyo aliiacha kwenye darasa la nne, akiwa na kitambaa cha kufutia mizani mkononi. Heshima aliyonayo kwako leo, na anayo mana alikujibu kwa adabu hata baada ya fimbo, ni heshima ya mtu ambaye tayari anajua. Unaogopa kupoteza kitu gani hasa? Sikuulizi kwa kejeli, jibu lako linaweza kuwa tofauti na langu.

Basi tuziangalie njia zenyewe, na kila moja ina miba yake.

Ukiitoa kimya kimya, kesho asubuhi kijana akikaa dukani atagundua, tena haraka kuliko unavyodhani, yeye ndo anayefuta mizani. Atajiuliza imeenda wapi. Anaweza kusema baba kaacha, alhamdulillah. Anaweza pia kusema baba kaogopa Bibi atasema, au kasikia watu wa vipimo wanapita, mana kila mwenye duka anajua Wakala wa Vipimo wakija kukagua na kubandika stika ya mwaka sumaku inakaa mfukoni siku hiyo. Ukimuachia ajaze mwenyewe hujui atajaza nini. Uzuri wa njia hii ni kwamba kupunja kunakoma leo hii bila kungoja uwe na ujasiri, na mimi sidharau hilo. Unaweza kuanzia hapa na usiishie hapa.

Ukimwambia, sidhani inahitaji kikao. Wanaume wengi wakisikia "muombe mtoto msamaha" wanaona picha ya kupiga magoti. Inaweza kuwa jioni mnafunga duka, unaitoa sumaku mbele yake unaiweka kaunta, unamwambia hii niliiweka mimi, ilikuwa makosa, na ile siku nilikuchapa kwa kitu nilichokufundisha mwenyewe. Dakika mbili, mkaendelea kuhesabu chenji. Hatari zake ni kwamba atauliza. Atauliza sasa zile hela je? Atauliza Bibi tunamwambiaje? Kama huna jibu ni sawa kumwambia hilo bado nafikiria, ila usiende bila kujua kwamba litakuja. Na jihadhari na sentensi moja, usimwambie mtu. Najua unaogopa mtaa, na hofu yako ina msingi, mimi mwenyewe nimeshuhudia mtaa ukigeuka. Lakini ukimpa siri hapo hapo unapomuomba radhi umempa mzigo wa pili mkononi kabla hajautua wa kwanza. Pengine umwambie ukweli wa hofu yenyewe, kwamba baba naogopa watu wakikasirika, naomba unipe muda nilirekebishe. Anaweza kuelewa. Anaweza pia kumwambia rafiki yake, yule ambaye mama yake huwa hapunjwi. Uamuzi huo una bei na wewe ndo unaijua Mbagala yako.

Halafu kuna Bibi. Kwa Bibi naomba nikae kidogo, kwa sababu ya hesabu yako ya gramu 50. Umeipiga kwa upande wa duka, kilo tatu kwa siku. Ipige kwa upande wa pili wa kaunta. Sumaku inakata gramu zile zile 50 hata mtu apime nini. Anayenunua kilo anakosa sehemu moja kati ya ishirini, hata hajui. Anayenunua robo anakosa moja kati ya tano. Bibi akija mara tano kununua robo anaondoka na robo nne. Kwa hiyo yule mwenye gari anayeshuka kuchukua kilo tano kwa mkupuo ndo uliyemwonea kidogo kuliko wote, na anayebeba kodi ya fremu yako ni wale wa robo, wenye makopo ya alama ya msumari. Sidhani ulikusudia hivyo, nina uhakika hujawahi kuitazama upande huu. Mtoto wako wa darasa la sita anaweza kuipiga hiyo hesabu, na labda ameshaipiga, ukizingatia alioamua kuwatolea.

Mkeo, wifi yangu, anasema muende wote wawili. Kuna uzuri wake, mtoto aone baba anavyorudi kwa mtu. Alimwaibisha Bibi mbele ya watu kwa maneno yako, kwa hiyo na yeye ana kitu chake cha kusema pale. Ila fikiria kama Bibi atapokea vibaya, akapaza sauti uani, mtoto yupo hapo anaona baba yake anavyotukanwa na majirani, anaweza kutoka na somo ambalo hukulitaka, kwamba ukisema ukweli unaumia. Wengine wangeenda peke yao kwanza na mfuko wa sukari, waseme Bibi ile siku kopo lako lilikuwa sawa na mizani yangu ndo ilikuwa na kasoro, kijana atakuja mwenyewe kukusalimia. Wengine wangeona hiyo ni kukwepa. Neno "kasoro" lenyewe nimeliandika nikalitazama, ni kweli na sio kweli, utaamua mwenyewe utatumia neno gani, ila kumbuka kijana atakuuliza ulimwambiaje.

Kuwatangazia wateja wote sikushauri wala sikukatazi, ni jambo zito, kisheria pia kupunja vipimo ni kosa na sitaki nikufiche hilo. Kuna wafanyabiashara nawafahamu wao walirudisha kwa nyongeza, kila anayepima kwa muda fulani anaongezewa kidogo juu ya kipimo. Shida ya nyongeza ni kwamba aliyepunjwa mwaka jana akahamia Chamazi hapati kitu na mgeni aliyekuja jana anafaidi. Lakini wewe una daftari la madeni. Wale wa kwenye daftari unawajua kwa majina, na walivyo wengi ni hao hao wa robo robo. Kufuta elfu mbili hapa, elfu tatu pale, hakuna atakayeshangaa sana na hakuna atakayekuchomea duka kwa kumfutia deni. Hilo unaweza hata kulifanya na kijana pembeni, yeye anasoma majina.

Ya fremu. Laki mbili ni hela na sitakuambia Mungu ataleta nikaishia hapo. Nadhani hilo ni la kukaa na mkeo, sio na mtoto. Umemwambia yote juzi juzi, kabla ya hapo alikuwa anaendesha nyumba kwa hela asiyojua imetoka wapi, huenda ana mawazo ambayo hukumpa nafasi ya kuyasema. Huenda bei yako ya robo ilikuwa chini kuliko inavyopaswa kwa sababu sumaku ilikuwa inafidia, na kuipandisha kidogo waziwazi mteja akaamua mwenyewe ni jambo moja la kulipigia hesabu. Utapoteza wateja wengine kwa jirani mwenye bei ndogo, ambaye pengine naye ana spika mbovu nyumbani kwake. Inauma lakini ndo ilivyo sokoni.

Nilikuambia barua yako imenigusa mwenyewe. Mimi ni wale wa "nipo njiani". Nipo nyumbani napiga pasi, simu inaita, nasema nipo njiani nimefika Tazara foleni tu. Miaka nenda rudi. Siku moja binti yangu, kipindi hicho yupo darasa la tatu, kachelewa kurudi shule, nampigia dereva wa bajaji aliyekuwa anamrudisha, akapokea binti mwenyewe, nikamuuliza mpo wapi, akaniambia tupo Tazara mama, foleni. Shule yao ipo Tabata na nyumba ipo Tabata. Walikuwa wamesimama kununua ubuyu. Nilicheka siku ile, baadaye nikakaa kitandani sikucheka. Sikumwita kikao. Nilianza tu kusema ukweli kwenye simu na yeye akiwepo, bado napiga pasi, nitachelewa nusu saa, na ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, watu walikuwa wananikasirikia zaidi kuliko nilipokuwa nawadanganya. Yeye ilimchukua muda mrefu kugundua, na mpaka leo sina uhakika kama aligundua. Kwa hiyo usitegemee kwamba ukiitoa sumaku Jumatatu, Ijumaa utaona mtoto mpya. Kaona ukucha wako kwenye sahani maelfu ya mara.

Kuhusu ile aya ya tatu, kama alikutazama kwa makusudi au la, kwani lazima ujue? Inawezekana alikuwa anakuangalia kama anavyokuangalia siku zote.

Ila kuna kitu kimoja ningetamani ukifanye hata kabla hujaamua lolote kati ya hayo, na hakina gharama. Mrudie kwenye lile jambo ulilomfokea. Sio kwa hukumu, wala usianze na msamaha kama bado haujakaa sawa mdomoni. Muulize tu, yule dada mwenye mtoto mgonjwa, siku ya kwanza ulipomtolea sumaku, ulikuwa unawaza nini? Alafu mwache aongee, usimalizie sentensi zake. Akimaliza niandikie, nataka kujua alikujibu nini.